Kitabu cha Mjane Kwenye Rafu ya Kadutu

Maman Eulalie, fundi cherehani wa mtaa wa Kadutu, hajui Kiingereza, na bado hakuna anayezijua riwaya za Kiingereza kumshinda. Msinibishie. Huu ni mwaka wa kumi na nane anatunza maktaba ndogo ya parokia, cherehani yake pale pale mlangoni, na sheria yake ni moja: ukirudisha kitabu unamsimulia hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, ndipo upewe kingine. Yeye anashona na kusikiliza. Ukiruka sura, unarudi nacho nyumbani. Mimi alinirudisha mara mbili, nikanuna wiki nzima.

Mwaka huu kamati ya parokia ilitaka rafu ipungue, kompyuta zipate nafasi. Ikamtuma mwalimu Hervé na orodha ya riwaya hamsini za Kiingereza zenye sifa kubwa duniani. Zilizomo zibaki, nyingine wapewe wauza karanga wafungie.

Hervé alianza na kile cha mjane anayekataa kuuza shamba la marehemu mumewe. Kitabu hicho Kadutu nzima inakipenda. Akina mama wa soko wanamtukana yule shemeji mwenye tamaa kana kwamba ni jirani yao.

"Maman, hii haiko kwa liste. Haijulikane."

"Haijulikane na nani, mwalimu?" Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. "Ile ya kwanza kwa liste yako iko wapi?"

Hervé akaitoa, nzito na safi.

"Unisimulie basi."

Akaanza vizuri, kwa sauti ya darasani: bwana tajiri, nyumba kubwa, barua iliyopotea. Alipofika kwenye harusi akakohoa. Akasema lugha yake ni ya juu sana. Kisha akaanza kupekua kurasa, na sisi tuliokuwepo tukatazama chini kwa kumstahi.

"Harusi haikufanyika," Maman Eulalie alimwambia bila kumcheka. "Barua, dada yake njo aliificha. Iko muzuri, mwalimu, lakini batu babili tu balishakuya kunisimulia ile. Ya mujane, cent douze, batu mia moja na kumi na babili."

Nilijivuna mimi, utadhani nimemzaa. Hervé akaandikia kamati kwamba rafu isiguswe, akatia sahihi mbele yetu. Halafu akaomba kitabu cha mjane. Mlangoni akageuka.

"Maman, mwisho anauzisha shamba?"

"Mimi sijue kusoma Kiingereza, mwalimu. Wewe njo unajua. Enda usome."