Udongo Alioutupa Wifi Yangu

Wifi yangu ni mwigizaji, na simpendi. Naanza na hilo ili msomaji asinitafutie upole ambao sina. Wako Watanzania hapa London wanaoniuliza habari zake huku macho yakiwang'aa, na wengine huniomba nimwambie awarekodie video ya salamu kwa ajili ya harusi. Huwa nawajibu kwamba hajambo.

Ni Mbelgiji, mzaliwa wa Antwerp. Kazi yake naijua kuliko wanaomshangilia, kwa sababu aliyemwoa ni mdogo wangu wa kiume, wa tumbo moja, na katika miaka ya mwanzo alikuwa akitukalisha sebuleni atuonyeshe kila alichocheza mkewe. Alianzia jukwaani kwao, kisha akaingia kwenye tamthilia ya televisheni iliyoendelea misimu mingi, yeye akiwa mke wa mpelelezi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kumwambia mumewe kwamba chakula kimepoa. Baadaye akapata filamu, akafa maji. Akapata nyingine, akafa kwa homa. Alipohamia London wakaanza kumpa wageni wote wa Ulaya, maana kwa Waingereza mgeni ni mgeni tu: akawa jasusi wa Kirusi, akawa muuguzi wa Kijerumani, akawa mtalii wa Kiholanzi aliyeibiwa pochi. Mama yangu, kule Moshi, aliviona vipande hivyo kwenye simu, akauliza kwa nini mkwe wake anauawa kila mara, na kama hao wanaomwajiri wana kinyongo naye.

Mama alimpenda. Baada ya ndoa wifi alikwenda Moshi akakaa jikoni wiki nzima akimtazama mama anavyomenya ndizi za mtori, ile supu yetu nzito. Aliporudi alimenya vilevile, hadi ile tabia ya mama ya kufuta kisu kwenye paja. Tulicheka mpaka machozi. Sikufikiri zaidi ya hapo, nani angefikiri? Mtu akikuletea mkono wa mama yako jikoni kwako Kilburn, huku London, unashukuru.

Kisha mama akafariki, wakati pasipoti yangu iko serikalini. Nilikuwa nimeomba kuongezewa muda wa kuishi nchini, mimi na binti yangu, na mwanasheria alinieleza wazi kwamba nikivuka mpaka kabla ya jibu, ombi lenyewe limekufa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mama aliniuguza utotoni, akaniuzia ng'ombe nisome, na siku ya kumzika nikawa nimefungiwa kisiwani kwa sababu ya karatasi. Mdogo wangu akapanda ndege. Wifi alibaki, kwa kuwa walikuwa katikati ya kupiga picha za filamu na hawakumpa ruhusa, akaja kukaa kwangu.

Msiba tuliuweka kwenye hiyo fleti yangu ya kupanga. Tulisogeza makochi ukutani, tukatandika mikeka, na kina mama wakaja, viatu vikajaa mlangoni hadi kwenye ngazi za jirani. Mmoja alitoka Walthamstow na sufuria la pilau alilolifunga kwa blanketi, amelipakata kwenye treni njia nzima. Wifi alivaa kitenge alichopewa na mama, akakaa chini nasi, akaosha vikombe bila kuambiwa. Wenzangu wakaninong'oneza kwamba nimepata wifi. Nami nikaitikia kwamba kweli, nimepata.

Maziko tuliyafuata kwenye simu, tumeiegemeza kwenye televisheni. Mchungaji akasoma, kwaya ikaimba, jeneza likashuka. Kisha wakaitwa watoto wa marehemu waje kutupa udongo, na hapo hapo picha ikaganda kwenye mgongo wa shati la mtu. Nikainyakua ile simu, nikaitikisa. Sauti ikasema tena, watoto wa marehemu, halafu nayo ikakatika.

Dirishani nilikuwa na chungu cha isale. Hapa London ni ua kama maua mengine, wanaliuza sokoni na watu wanaliweka bafuni. Kwetu Uchagani isale huzungushiwa kihamba, yaani shamba la ukoo, kuwa mpaka, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukataa. Mimi nililinunua kwa sababu ya upweke tu. Siku hiyo nilisimama, simu ikiwa mkono wa kulia, nikachota udongo wa kile chungu kwa mkono wa kushoto, nikageuza uso pembeni, nikautupa kwenye sinia la chai. Kisha nikakinusa kiganja. Nilitaka kinuke kihamba cha mama mvua ikitoka kunyesha. Kilinuka mbolea ya dukani.

Kina mama walikuwa wameinamisha vichwa wakilia. Aliyeniona ni wifi peke yake. Aliuzoa ule udongo kwenye sinia, akaurudisha kwenye chungu, akaniletea maji kwenye beseni akaniosha vidole kimoja kimoja. Siku ile nilimpenda kuliko ndugu. Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma.

Mwaka uliofuata, karatasi zangu zikiwa bado hazijajibiwa, ikatoka tamthilia yake mpya. Safari hii hakuwa wa kusimama mlangoni. Alikuwa ndiye mhusika mkuu: mama wa Kibelgiji aliyefungwa gerezani Uingereza, mwanawe akafia ng'ambo na akazikwa bila yeye. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wenzangu hawakuzungumza kingine. Jumapili jioni nikakaa na binti yangu kuitazama, tumechemsha chai, tumejivunia mtu wetu.

Alikuwa kwenye kikanisa cha gereza, kuna chungu cha maua dirishani. Akasimama. Akachota udongo kwa mkono wa kushoto, yeye ambaye hata kijiko hakishiki kwa kushoto. Akageuza uso pembeni, akautupa sakafuni. Kisha, polepole, akakileta kiganja puani.

Binti yangu anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku. Aliniangalia, akasema, "Mama, that's you." Nikapunguza sauti ya televisheni. Akauliza, "Did Auntie ask you?"

Hakuniuliza. Alikaa kwenye mkeka wangu, akala pilau la msiba wangu, akaniosha vidole, na wakati wote huo alikuwa akipima pembe ya shingo yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye kitenge cha mama.

Akapewa tuzo. Nilimwona akihojiwa kwenye televisheni, amevaa gauni jeusi, na mtangazaji akamuuliza ule mkono aliutoa wapi, maana watu wengi walilia pale. Akatabasamu, akasema hajui, ulikuja wenyewe wakati kamera inazunguka. Kwa hiyo nilikuwa nimeibiwa, na sasa ikatangazwa kwamba hakukuwa na mwenye mali. Niliacha kupokea simu zake. Siku yake ya kuzaliwa nilimtumia kimya, na Krismasi nikamwongezea kingine.

Mdogo wangu akanipigia. Akasema, "Dada, hiyo ni job yake. Actors wote wanafanya hivyo, wanachukua walichokiona. Na hata hivyo mama anakumbukwa." Nikamuuliza anakumbukwa na nani, ikiwa hakuna aliyeambiwa kwamba kuna mama. Mdogo wangu ni mtu mwema, na wema wake umemfanya awe mjinga kwa mkewe. Hilo nililisema pia, na simu ikaisha vibaya.

Wakaja Jumamosi moja bila kuarifu. Kwanza nikaona uso wa wifi kwenye tundu la mlango, hana vipodozi, halafu nikaona alichoshika. Lilikuwa jani la isale, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, macho kwenye viatu, nikajua nani kamfundisha.

Nilitamani kufunga mlango. Ningeweza kuwafungia wao, lakini isale halifungiwi mlango. Mama alinilea hivyo. Niliwahi kumwona akimsamehe mtu aliyemvunjia dada yake ndoa, anatetemeka kwa hasira, na bado akanyoosha mkono akapokea jani. Nikawakaribisha. Wifi akapiga magoti kwenye zulia langu, palepale palipokuwa na mkeka, akanyoosha jani kwa mikono miwili, na machozi yakaanza kumtoka. Na alilia vizuri. Hata kamasi zilitoka kwa wakati wake.

Nikamwambia, "Wewe ukilia hapa mbele yangu, mimi nitajuaje?"

Alifuta uso kwa mkono wa blauzi. Kiswahili chake ni cha kujifunza, anakipanga kabla ya kukitoa. Akasema, "Wifi, hata mimi sijui kila siku. Nilitaka kukuuliza. Niliogopa utasema hapana."

"Ningesema hapana."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikuuliza."

Angalau hapo hakuigiza. Nilipokea jani. Niliwapikia chai, tukainywa, wakaondoka, nami nikaliweka lile jani juu ya friji. Mila inakulazimisha kusamehe, na nimesamehe: sitamsema vibaya kwa mumewe, sitamnyima maji. Kupenda hakumo. Nimetafuta katika kila nilichofundishwa na mama na sikuikuta popote kanuni ya kupenda.

Karatasi zikatoka mwaka huu. Siku niliyozipata niliketi kwenye basi nikalia mbele za watu, bila kugeuza uso popote. Nilijua nitafanya nini. Mdogo wangu alikuwa amezuia kaburi lisijengewe, akisema dada lazima atupe udongo wake kwanza, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Kwa muda wote huo nilikuwa nadaiwa na kiganja changu mwenyewe. Nilitaka kujua kihamba cha mama kinanukaje kikiwa mkononi mwangu, basi, si zaidi. Hata kulia sikupanga.

Nilifika Moshi mvua za vuli zimeanza. Ndugu walikuwa wamejaa uani, wamepika, wamevaa sare ya vitenge. Kabla sijaweka mzigo chini nikagundua kwamba wote walikuwa wameiona ile tamthilia, au kile kipande chake. Mdogo wangu, kwa majivuno, alikuwa amekituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kule kikapata maana yake mpya: mkwe Mzungu amemlilia mama mkwe wake mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyeuliza nani alianza. Shangazi yangu, dada yake baba, alinishika mabega akaniambia nimfikishie wifi yangu shukrani za ukoo, kwa sababu wakwe wa siku hizi hawajali. Nikasema nitamfikishia. Ningeanza wapi kueleza, na nguo za safari bado mwilini?

Wakanipeleka kaburini, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Masale yalikuwa yameshika pembe zote nne, mabichi, marefu kuliko yale ya London yanavyoweza kuota. Udongo ulikuwa umelowa. Nikainama, nikachota kwa mkono wa kushoto, nao ukawa mzito na baridi kama ulivyopaswa kuwa. Nikauangusha juu ya mama. Nikaanza kuinua kiganja.

Nikasikia ukimya nyuma yangu, ule wa watu wanaosubiri. Nikageuka. Shangazi alikuwa ameinua simu mbele ya uso wake, na wasichana wawili kando yake walikuwa wameinua zao.

"Endelea, mwanangu," akasema kwa upole. "Sasa nusa, kama wifi yako."

Kiganja kilikuwa kimefika kifuani. Nilikishusha, nikakifuta kwenye khanga, mbele na nyuma, mpaka kikakauka. Kisha nikawaambia mvua inarudi, twende ndani.