Nyonga Mpya ya Mama

Mama yangu alikuwa mwanamke wa sokoni, mtu wa kubeba mzigo wa vitenge kichwani huku akipiga soga njia nzima. Kisha nyonga yake ya kushoto ikaanza kusagika. Mwishowe hakuweza kutoka chumbani hadi jikoni bila kujishikiza ukutani, na vitenge nikabaki kuviuza mimi.

Madaktari wa mifupa walipokuja mjini kwetu Bunia, tulimpeleka hospitalini. Daktari alimweleza kwamba atakata kichwa cha mfupa ulioharibika na kuweka cha chuma. Mama akauliza, "Docta, siku ya ufufuko nitaamuka na chuma mu mwili?"

Daktari akasema hilo ni swali la padri. Tukamwita padri, naye akacheka hadi akashika tumbo.

"Mama, Mungu alikuumba na udongo. Sasa chuma ndiyo itamushinda?"

"Basi wanikate," Mama akasema.

Walimchoma sindano ya mgongo, akafa ganzi kuanzia kiunoni, lakini masikio yalikuwa wazi. Alitusimulia baadaye kwamba, nyuma ya pazia, alisikia nyundo, ko, ko, ko, kama seremala anayeunganisha kitanda. Hofu ikampanda, akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Muuguzi mmoja akaitikia. Punde wote mle ndani wakawa wanaitikia, hata daktari akasema, "Mama, imba polepole, uko unanikimbiza!"

Kesho yake wakamsimamisha, mikono ikishika fremu ya kutembelea. Uso aliukunja, akiyangojea maumivu yake ya siku zote. Akakanyaga. Akakanyaga tena.

"Kidonda inauma," akasema, akiutazama mguu kama mgeni, "lakini ile ingine haiko tena. Haiko!"

Mimi nikalia, yeye akacheka.

Daktari alimkataza kuchuchumaa na kukunja nne. Mengine yote aliyarudia, taratibu, kwanza kwa fremu, kisha kwa fimbo, hadi hata fimbo ikabaki nyumbani. Asubuhi moja alivaa kitenge kipya, akashika njia ya soko. Baba, aliyekuwa amezoea kwa miaka kutembea pole kwa ajili yake, alitoka naye mtaani kwetu Saio, lakini hata kona ya kwanza hawakuifikia pamoja. Majirani walitoka nje kutazama. Wenye pikipiki wakampigia Mama honi.

"Mama ya batoto!" Baba aliita akihema. "Uningojee!"

Mama alipunga mkono tu, akaendelea kwenda.