Tangi na Fimbo Nyepesi

Nilipoolewa sikujua kupura alizeti wala kucheza michezo ya kompyuta. Yote mawili nilijifunza msimu mmoja.

Mume wangu alikuwa amepata kazi Dar es Salaam, mimi nikabaki Singida mjini kwenye duka la baba. Zamani tuliuza khanga na mafuta ya taa. Soko huria lilipoingia, kila mtu akawa anauza khanga, basi baba akanipa nusu ya chumba nikaweka kompyuta tano za mitumba na dishi la mtandao juu ya bati. Asubuhi watu walikuja kuandika barua za kuomba kazi. Jumamosi baada ya alasiri, kompyuta ya pembeni ilikuwa yangu, na saa hiyo nilikuwa na mume wangu.

Tulikuwa tunakutana ndani ya mchezo. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni ambao watu watano huingia mapangoni kupigana na mazimwi, naye alikuwa mganga, wa kuponya majeraha ya wenzake. Kwenye simu tulikuwa tunaishiwa maneno tukishaulizana habari za mama na za mvua. Mchezoni tulikuwa na kazi ya kufanya pamoja, na maneno yakaja yenyewe.

Aliniambia kwa simu kwamba nafasi iliyobaki kwenye kundi ni ya tenki. Nikasikia tangi. Mimi ni mtu wa Singida, kiangazi nakijua, nikaona nimepewa kazi ya heshima. Wiki mbili nilizunguka mapangoni nimejaza begi chupa za maji, nikisimama nyuma ya kila mtu, nikingoja mwenye kiu. Wenzetu wa nchi za watu walikufa mmoja mmoja huku wakinishangaa. Mume wangu alipoelewa alicheka hadi akashindwa kuandika. Alimaanisha kifaru, akasema, kile cha jeshi, kinachotangulia mbele. Lakini jina la Tangi halikunitoka tena.

Basi nikatangulia. Kazi ya anayetangulia si kuua, ni kuliudhi zimwi ili lisiwatazame wengine. Kila pigo linaloingia linaliongezea hasira juu yako. Ukilegea kidogo, linageuka kutafuta mwingine, na wa kwanza kutafutwa ni mganga, kwa kuwa ndiye anayewaweka hai wote.

Nilikuwa na silaha mbili. Rungu zito lililopiga mara moja kila sekunde nne, na upanga mfupi uliopiga kabla hujahesabu mbili. Ukijumlisha kwa dakika nzima, vyote viliumiza sawasawa. Nilichagua rungu. Nilipenda ile namba kubwa iliyoruka juu ya kichwa cha zimwi pigo likiingia. Mimi nina hasira za karibu, nikipiga nataka ijulikane kuwa nimepiga.

Tatizo ni rungu likikosa. Likikosa unasubiri sekunde nne nyingine kama uliyekuja kutazama tu. Jumamosi tatu mfululizo zimwi liligeuka katikati ya kusubiri huko likamwendea mume wangu, nikamwona anaanguka na rungu langu bado liko juu. Kiongozi wa kundi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona, akaandika kwa upole kwamba mganga akianguka tena Jumamosi ijayo watatafuta mtu mwingine wa kutangulia. Mganga wangebaki naye. Nilikasirika, kisha nikaogopa. Ile ilikuwa saa yangu moja ya wiki na mume wangu.

Katikati ya wiki nilikwenda Ikungi kwa mama mkwe kumsaidia kupura alizeti. Baba mkwe alikuwa amekwenda machimbo ya Sekenke mume wangu akiwa bado anatambaa, akawa mtu wa kurudi sikukuu, mwisho hata sikukuu hazikumrudisha. Nilimwamkia mama, nikachagua fimbo kubwa kuliko zote, aone kuwa mkwe wa mjini naye ana nguvu. Nikainua, nikashusha kwa kishindo, nikapumua, nikainua tena. Kila nilipopumua kuku waliingia kwenye turubai wakadonoa. Nikawa nawafukuza, nikirudi fimboni nimeshachoka.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, ana kafimbo kembamba anakagongesha haraka haraka bila kuinua mkono kupita bega. Upande wake hapakuwa na kuku hata mmoja.

"Mwanangu," akaniambia, "hiyo fimbo yako inawapa kuku nafasi. Piga ndogo ndogo, usiwaachie mwanya."

Nikaweka fimbo yangu chini. Akadhani amenikwaza, akaanza kunibembeleza. Nikamwambia hapana mama, umenisaidia jambo la mwanao. Hakuelewa, nami sikujua pa kuanzia.

Jumamosi nikashika upanga. Namba zilizoruka zilikuwa ndogo, za aibu. Lakini upanga ukikosa, ulikuwa umeshapiga tena kabla sijasonya. Katikati ya pambano mtandao ukakwama, picha ikaganda kwenye kioo. Nilijua kule mbali mchezo unaendelea bila mimi, silaha inajipigia yenyewe kwa mwendo wake. Nikaweka mikono mapajani nikahesabu. Nilifika kumi na tisa. Picha iliporudi, zimwi lilikuwa bado limenikodolea macho mimi, na upanga unagonga tu. Lilipoanguka, mume wangu aliandika: "Tangi, leo sikuguswa."

Wenye mtandao wa kasi watabisha kwamba rungu ndilo sahihi, kwa kuwa nguvu ya mapigo maalumu, yale unayoyabonyeza mwenyewe, hufuata uzito wa silaha. Huenda kwao ni kweli. Waje wabishie chini ya dishi langu. Mimi nafasi yangu sikunyang'anywa, na miaka miwili tuliyocheza hivyo kila Jumamosi naihesabu katika siku zangu njema.

Nilipokwenda tena Ikungi nilijaribu kumweleza mama mkwe habari yote ya zimwi na upanga. Alinisikiliza akiendelea kupepeta. Mwisho akauliza mwanawe alikuwa anafanya nini wakati mimi napiga. Nikamwambia alikuwa nyuma yangu, kila nikiumia ananiponya.

Akaweka ungo chini, akaninyooshea kale kafimbo kake.

"Chukua," akasema. "Mimi nilipura peke yangu."

Nikakapokea kwa mikono miwili.