Kinanda na Bei ya Chini ya Kitambaa

Bi Mwanatumu wa mtaa wa Mkomani, kisiwani Amu, alikuwa na hasira tangu asubuhi, na hakuna aliyemlaumu. Boriti za dari yake zilikuwa zimeoza, masika yamekaribia, na kushona kofia kulimpa chakula tu. Kitu cha kuuza kilikuwa kimoja: kinanda cha Kizungu, kile kikubwa cha mbao chenye meno meupe na meusi. Marehemu mumewe, Famau, alikuwa mpishi wa Mzungu mwenye shamba la minazi huko barani. Mzungu alipofunga virago, hicho ndicho alichomwachia kuwa bakshishi ya miaka yote ya moshi.

Dalali Jeilani alimletea mnunuzi, Bwana Mohdhar, mfanyabiashara wa Mombasa. Bi Mwanatumu akakaa nyuma ya pazia. Aliwaona wale wawili wakishikana mikono chini ya kitambaa, wakibanana vidole kama ilivyo ada ya madalali, bei ikipanda na kushuka pasi na neno.

Jeilani akasogea penye pazia, akanong'ona. "Rupia arubaini, Bi. Mshukuru Mungu. Amu hii nani wa kukipiga?"

"Nilikwambia sabini."

"Sabini ni ya kinanda na mpigaji wake."

Bi Mwanatumu aliinua macho kwenye boriti. Dari haingojei. "Haya," akasema. Lakini alimwogopa Mola wake, na kuuza kitu huku umeficha kasoro yake, kwake kulikuwa haramu. Akapaza sauti. "Bwana Mohdhar, uyuwe kabisa. Meno matatu hayalii, na mguu wa nyuma umeliwa na mchwa."

Jeilani akakohoa, akakohoa tena.

"Mbona huyu kaniambia kizima?" Mohdhar akauliza. "Basi sitini sitoi. Hamsini."

"Sitini gani?" akauliza Bi Mwanatumu.

"Si tuliyoafikiana sasa hivi?"

"Bi, kuna na udalali ndani yake," Jeilani akadakia.

"Udalali wa rupia ishirini? Mimi nimekaa nyuma ya pazia, Jeilani, sikukaa kaburini. Ulitaka kunila na dari yangu. Hiyo ndiyo ndia yako ya kupatia riziki? Toka. Udalali wako kamdai uliyemshika mkono."

Jeilani akachukua bakora yake, akatoka bila kuaga.

Mohdhar akacheka kidogo. "Sasa tumebaki wenyewe, Bi. Tuseme arubaini na tano."

"Wewe nawe usinichezee. Hamsini umeitamka kwa ulimi wako, na majirani wapo barazani wanasikia. Ukitaka, chukua. Hutaki, mfuate mwenzako."

Mohdhar aliutazama mlango, akalitazama pazia, akafungua mfuko. Bi Mwanatumu akasukuma sinia chini ya pazia.

"Hesabu kwa sauti," akasema. "Zisikike mpaka ndiani kwa majirani."

Mohdhar akahesabu, moja moja, kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu wake. Ilipotimu hamsini, sinia ikavutwa ndani. Ahsante hakupewa.