Chupa za Oili za Fundi Renovat

Kwenye gereji ya fundi Renovat, kule Ilembo, uzio wa mabanzi umening'inizwa chupa. Ni chupa za maji za plastiki, kila moja imejaa oili nusu, nyingine nyeusi tii, nyingine rangi ya asali. Mtu mgeni akipita hudhani ni dawa za mganga. Lakini kila gari ambalo Renovat amelifungua giaboksi au difu, ule mtambo wa gia unaozungusha magurudumu ya nyuma, lina chupa yake pale, imeandikwa namba ya gari na chini yake maneno mawili matatu kueleza kilichotokea. Chupa ya kwanza kabisa, iliyo karibu na mlango, imeandikwa: NILIWEKA MIMI.

Renovat alizaliwa Katumba. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa shamba, wakalima mihogo na maharage mpaka wakawa watu wa hapa. Yeye alimaliza darasa la saba, akaanza kuziba pancha za baiskeli, kisha akashika spana kwenye gereji za watu kwa miaka mingi. Si mtu wa kupayuka. Akisikiliza gari hufumba macho na kuweka kiganja juu ya fimbo ya gia, na huwa hataki uongee.

Chupa ile ya kwanza ni ya mwaka alioanza kujitegemea. Mama mmoja mnunuzi wa mpunga, Generosa, alimpelekea pikapu yake abadilishiwe oili ya difu. Dukani oili ya difu ilikuwa imekwisha, ikabaki ya giaboksi. Renovat akaona oili ni oili, akaijaza. Gari lilikwenda Mamba likivuma nyuma kama mashine ya kusaga, likarudi limefungwa kamba kwenye lori. Meno ya difu yalikuwa yamelika. Generosa hakumshtaki popote. Alimwambia tu, "Mwanangu, mikono yako mizuri, ila unatia kitu usichokijua. Ukikijua, uniite."

Renovat aliazima kamusi ya Kiingereza kwa mwalimu, akawa anazunguka madukani kusoma migongo ya makopo. Wenye maduka walimchoka. Alichokipata ananieleza mpaka leo kama mtu anayeeleza habari za watoto wake. Meno ya difu yanakandamizana na kusuguana kwa nguvu, kwa hiyo yanataka oili yenye dawa kali. Kopo lake lina herufi GL na namba tano. Giaboksi kama ya gari langu ina vipete vya shaba, kazi yake ni kuishika gia kidogo ili iingie kwa upole. Dawa kali ya difu huweza kuila shaba taratibu, tena inateleza mno, vipete vinashindwa kushika. Hiyo inataka GL namba nne. Uzito wa oili ni habari nyingine, nao una namba zake. Na kabla ya yote hayo, usome kitabu cha gari lenyewe. Alipokwisha kujua alimwita Generosa kweli. Mama yule alikuja, akasikiliza mpaka mwisho, na gari lake halijaenda kwa fundi mwingine tangu siku hiyo.

Haya yote mimi niliyajua baadaye. Niliendesha magari ya watu miaka kumi na tisa. Mwaka huu, mwezi wa pili, ndipo nilipopata langu, Hiluksi ya zamani niliyouziwa na Mzee Ambrosi wa Mamba, mzee wa kanisa. Nabeba mpunga na mizigo ya watu kati ya Kakese na mjini. Ilipofika Juni, asubuhi zenye baridi, gia namba mbili ikaanza kugoma. Ukiisukuma inakwaruza. Ikipata moto inalainika kidogo. Madereva wenzangu wakasema giaboksi inakufa, nitafute nyingine. Sikulala vizuri wiki nzima. Giaboksi ya kutafutwa Mwanza ni gari kukaa juu ya magogo, na msimu wa mpunga ungenipita nikiwa nimerudi kwenye usukani wa mtu mwingine.

Nikaenda Ilembo. Renovat aliendesha mpaka shule ya msingi na kurudi, kiganja juu ya gia. Kisha akaingia chini ya gari. Alifungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Utaratibu huo haubadilishi kwa mtu yeyote, maana ukimwaga kwanza halafu nati ya juu ikagoma, gari halitoki hapo. Oili ikashuka kwenye beseni polepole, nzito. Akaichovya kidole, akainusa, akaisugua.

"Hii ni ya difu," akasema. "Uzito wake mia na arobaini. Makarius, nani aliiweka humu?"

Nilikuwa nimesimama pale na mke wake, Odeta, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilitazama ule ungo. Nikasema, "Nilikuta hivyohivyo."

Haikuwa kweli. Mwezi wa nne nilinunua kopo la lita tano kwa ajili ya difu. Difu ikashiba, oili ikabaki zaidi ya nusu kopo. Madereva wa mpunga tuna msemo wetu kwamba mzigo mzito unataka oili nzito. Nikaona nisiitupe. Nikamwaga ya giaboksi mwenyewe nyumbani, nikaijaza ile, na siku ile nilijisikia fundi.

Renovat alitia ile oili kwenye chupa, akaisimamisha juani mpaka saa nane. Kitako cha chupa kilikuwa na unga wa shaba unaometa, kidogo sana. Akaigeuzageuza.

"Inanishangaza," akasema. "Gari linagoma gia namna hii, halafu oili safi hivi. Mwenyewe wa zamani ameendesha na oili ya difu miaka, vipete vimelika, alipotaka kuuza akamwaga yenye unga akaweka mpya nzito ili mkwaruzo usisikike. Hapa dawa ni kushusha giaboksi nzima."

"Mzee Ambrosi?" nikauliza.

"Yeye si ndiye aliyekuuzia? Watu wa dini hao ndio hatari." Alijifuta mikono, akatoa simu. "Namba yake ninayo. Ngoja nimuulize kwa adabu."

Mzee Ambrosi aliniuzia gari lile huku akinionyesha kila kasoro, hata taa ya breki inayozimika mvua ikinyesha. Nilimwona kichwani mwangu amekaa kwenye baraza lake kule Mamba anapokea simu ile.

"Usimpigie," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliweka mimi. Mwezi wa nne. Ilibaki kwenye difu."

Odeta aliacha kuchambua. Kisha akaanza kucheka chinichini, mabega yakitikisika, ungo ukimwaga maharage.

"Shemeji Makarius," akasema, "nyie watu wa Kakese mnapenda kizito. Ugali wenu mzito, uji wenu mzito, sasa mpaka gari mnalilisha."

"Mwache," Renovat akamwambia, lakini na yeye alikuwa anacheka. Akarudisha simu mfukoni. "Miezi miwili tu?"

"Miwili na siku kidogo."

"Na kabla ya hapo gia ilikuwa inaingia?"

"Kama kisu kwenye papai."

"Basi mbona unataka kuniua na kazi ya bure. Nilikuwa nashusha giaboksi kesho asubuhi." Akainua ile chupa tena juani. "Shaba bado ipo. Baridi inaifanya hii kama gundi, na dawa yake inateleza. Tuitoe tu."

Alijaza kwanza oili nyepesi ya GL nne, akanituma nizunguke Ilembo yote nikibadilisha gia, kisha akaimwaga ile ya kusuuzia na kujaza nyingine kiasi kinachotakiwa, mpaka ikachuruzika kidogo kwenye tundu la juu. Difu hakuigusa. Alinusa tu tundu lake akasema huko niliweka sawa.

"Usitegemee leo," akaniambia. "Asubuhi nne tano. Ikigoma wiki ijayo, hapo tutafungua."

Asubuhi ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ilikwaruza kidogo. Ya nne, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya Kakese, nilisukuma gia namba mbili kwa vidole viwili ikaingia. Nilirudisha namba moja nikajaribu tena, nikiwa peke yangu, kisha mara ya tatu bila sababu.

Wiki hiyo nilikwenda Mamba kuchukua magunia ya mpunga. Nilimpitia Mzee Ambrosi, nikamwambia habari yote, hata ile ya simu. Alicheka akanipa gunia dogo la karanga nimpelekee fundi.

Nilipofikisha karanga Ilembo, chupa yangu ilikuwa imeshaning'inizwa, si huko mwisho wa uzio pamoja na mpya, bali karibu na mlango, ubavuni mwa ile ya kwanza. Renovat alikuwa ameandika namba ya gari langu na chini yake: ALIWEKA YEYE, AKASEMA.

Odeta aliuliza kama nataka iondolewe. Nikamwambia aiache hapohapo.