Mafaili Matupu Aliyoyafuta Baba

Baba alipostaafu kazi ya stoo katika hoteli moja ya Shanzu, aligeuka mtu wa kukaa barazani hapa Kiembeni akitazama geti, uji ukimpoa mkononi. Moyo uliniuma. Wakati huo nilikuwa naandika programu ya kupanga zamu za wafanyakazi wa hoteli, nikamwomba awe ananikagulia, kwa kuwa mambo ya zamu anayajua kunishinda. Akakubali. Asubuhi akaanza kunyoa ndevu tena.

Siku moja baada ya chakula cha mchana niliendesha majaribio, yale yanayopima kama kila kipande cha programu kinafanya kazi. Yote yakaanguka. Python, lugha niliyotumia kuiandika programu, ilidai haiwezi kuleta moduli, yaani hivyo vipande, ambazo jana yake ilizileta bila kinyongo. Hasira zangu ziko karibu, hazibishi hodi. Nikaitukana kompyuta, nikaitukana Python na aliyeizua, nikasakinisha kila kitu upya. Wapi.

Baba akachungulia mlangoni. "Kwani vipi, mwanangu?"

"Kuna kitu kimepotea, baba, na sikioni."

"Si yale mafaili matupu? Mie nalikusafishia jana. Hayana hata herufi moja ndani. Stoo hakuwekwi boksi tupu, lajaza nafasi bure."

Alisema kwa fahari kabisa. Nikamweleza kwamba yale matupu ndiyo yanayoijulisha Python kuwa folda nzima ni kifurushi kimoja, na vilivyomo ni ndugu wanaoweza kuitana. Sikupandisha sauti, lakini matusi yangu alikuwa ameshayasikia yote kutoka barazani.

"Basi mie sigusi tena," akasema, akageuka kuondoka.

Hapo ndipo nilipoogopa. Programu ningeitengeneza mara moja, baba je? Nikamshika mkono, nikamkalisha mbele ya kompyuta.

"Umeyatoa wewe, baba. Yarudishe wewe."

Akaandika jina la faili kwa kidole kimoja, polepole.

"Na ndani niandike nini?"

"Usiandike kitu. Hifadhi hivyo hivyo."

Alinitazama kama anayehisi anachezewa, lakini akafanya, folda hadi folda. Tukaendesha majaribio. Yakapita yote.

Hakucheka. Alivuta kiti karibu na meza, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Na hili, lina kazi gani?" Nikamwambia. Akauliza la pili, akauliza la tatu. Nikamjibu moja moja, nikiomba mafaili yasiishe.