Mhafidhina wa Nchi Gani?

Siku Nikodemo alipomwita mhafidhina, Gerson hakukasirika palepale. Alikasirika alipofika nyumbani, viatu amekwisha kuvua, na hasira ikamkaa mpaka ugali ukapoa. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba tusi lenyewe hakulijua vizuri. Alilisikia redioni kila mara, wahafidhina wa huku wameshinda, wahafidhina wa kule wameangushwa, naye siku zote alidhani ni watu wa mbali wenye suti nzito. Leo ameitwa yeye, Mgogo wa Chamwino, mzee wa miaka sitini na mbili asiyewahi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji.

Gerson haoni. Surua iliyachukua macho yake akiwa na miaka minne huko kwao Kongwa, akapelekwa shule Buigiri, akafundishwa kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo kidole huyasoma kwenye karatasi ngumu. Tangu hapo hakuacha. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kunakili vitabu katika karakana ndogo pale Chamwino, chumba kimoja chenye meza tano na rafu ndefu kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari. Watoto wa shule ya wasioona huazima humo vitabu wakavisome bwenini, na wale wapya Gerson huwafundisha herufi. Mtu mwenye macho humsomea sentensi, naye huigonga kwenye mashine ya vitufe sita. Akitaka kuandika jambo fupi hutumia kibao na sindano, akitoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Wageni wakielezwa hilo hushika vichwa, na Gerson hufurahi kuwaona wakishangaa, ingawa kwake kuona ni kusikia pumzi zao.

Mkubwa wa karakana alikuwa Nikodemo, naye haoni, na tena alikuwa mwanafunzi wa Gerson. Alimpokea akiwa na miaka kumi, akamshika kidole na kumtembeza juu ya herufi ya kwanza. Sasa mwanafunzi ana kitambi na funguo za ofisi. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta na mtambo wa kuchapa nukta nundu, mtambo ambao kwa saa moja hufanya kazi ambayo Gerson huifanya kwa wiki mbili. Mtambo ulihitaji nafasi. Nafasi ilikuwa pale penye rafu, na vitabu vya rafuni, vyote vya mkono wa Gerson, vilikuwa vimepangiwa kuchomwa moto Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kikao cha kuamua kilikuwa Ijumaa. Gerson alikuwa amesema hapana, ndipo Nikodemo akalitamka lile neno.

Jumanne asubuhi Gerson alirudi mezani akiwa bado amevimba. Kazi iliyokuwa inasubiri ilikuwa ya Seth, mwalimu wa uraia wa Kongwa ambaye naye haoni, aliyeomba anakiliwe kitabu cha itikadi za siasa duniani. Msomaji wa Gerson alikuwa Erica, binti wa dada yake, mama wa watoto watatu na mwenye sauti isiyochoka. Walikuwa wamemaliza sura tatu. Erica akafungua ya nne.

"Sura ya nne. Uhafidhina," akasoma.

Vidole vya Gerson vikasimama juu ya vitufe.

"Rudia, mwanangu."

"Uhafidhina, mjomba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Soma polepole. Hii nataka kuijua na baba yake na mama yake."

Wakaanza na Uingereza, na hapo Gerson hakuona ajabu. Kule, kitabu kilisema, mhafidhina ni mtu wa kuhifadhi ufalme, kanisa na bunge la kale, na mabadiliko huyapitisha kidogokidogo, anabadilisha dirisha ili nyumba isianguke. Gerson akagonga huku akitikisa kichwa. Watu wa adabu, hao. Kisha wakavuka kwenda Marekani, na hapo akatulia. Mhafidhina wa Marekani hana mfalme wa kumhifadhi, maana babu zake walimkimbiza mfalme kwa bunduki. Anachokihifadhi ni karatasi waliyoiandika wale waasi, na anataka serikali ikae mbali na shamba lake, na bunduki yake na imani yake.

"Subiri," Gerson akasema. "Yaani wanahifadhi uasi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mjomba."

"Haya. Endelea."

Ufaransa, wahafidhina wa mwanzo walitaka mfalme arudi, na wajukuu zao wakaja kuitetea jamhuri yenye dola kubwa yenye nguvu. Ujerumani, bima ya wafanyakazi wagonjwa na wazee ilianzishwa na serikali ya wahafidhina, ili wafanyakazi wasishawishike na mapinduzi. Iran, wanaoitwa wahafidhina ni wale wanaolinda mapinduzi yaliyomng'oa mfalme. Na katika miaka ya mwisho ya ile Urusi ya Kisovieti, Erica akasoma na sauti yake mwenyewe ikapanda, wahafidhina walikuwa ndio wakomunisti wakongwe, waliotaka mashamba na viwanda vibaki mikononi mwa dola.

Gerson aliondoa mikono kwenye mashine akaiweka magotini. Mwili ulimsisimka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye umati asioujua. Dunia nzima ina watu wa aina yake, na ukiwaketisha chumba kimoja watatoana macho kabla ya chai! Mmoja anahifadhi kile ambacho mwenzake anakipiga mawe. Wanaitwa jina moja, na hakuna anayeijua sala ya mwenzake. Alishangaa mpaka akacheka peke yake.

"Na sisi?" akauliza. "Tanzania hatumo?"

Erica akafunua. Walikuwamo, aya moja. Ilisema kwamba hapa mara nyingi huitwa wahafidhina wale wanaoshikilia Azimio la Arusha na mali ya umma, walioona vibaya mashirika yalipouzwa, na kwamba Mmarekani akiwasikia atadhani ni wapinzani wake wakubwa.

Hapo Gerson akamkumbuka baba yake, na mshangao wake ukawa mwingine, wa karibu zaidi. Mwaka sabini na moja, Operesheni Dodoma ilipopita kuwakusanya watu vijijini, mzee yule alikaa mlangoni pa tembe lake, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, akakataa kutoka. Walimpandisha lori pamoja na vinu na kuku. Wakamwita mpinga maendeleo. Miaka ishirini baadaye majirani wakaanza kurudi kwenye mahame yao ya zamani, kijiji cha ujamaa kikabaki kama meno ya mzee, na ni baba huyohuyo aliyekataa kuondoka kijijini. Alisema hapa kuna bomba, kuna zahanati, na mkewe amezoea majirani. Wakamwita mpinga maendeleo tena. Gerson kwa miaka yote alidhani baba yake alikuwa kigeugeu, na alimwonea aibu.

"Erica," akasema, "babu yako alikuwa mhafidhina mara mbili, wa nchi mbili tofauti, na hakuwahi kuvuka hata Mto Wami."

Erica hakuelewa vizuri, lakini aliona mjomba wake anafuta macho, akainuka kwenda kuchemsha chai.

Ijumaa kikao kilianza saa nne. Walikuwa watu saba kuzunguka meza kubwa, na mtambo mpya ukiwa kwenye kona, ndani ya nailoni yake. Gerson aliingia na kitabu kimoja kikubwa kifuani. Alikuwa amekitoa rafuni asubuhi ile kwa kushika mgongo wake tu, maana alikijua kwa kona iliyotafunwa na mchwa.

"Shikamoo, mwalimu," Nikodemo akasema.

"Marahaba. Mbukwenyi wote."

Wakaitikia salamu hiyo ya Kigogo. Nikodemo akakohoa kama wakubwa wanavyokohoa. "Mwalimu, tunakuheshimu sana. Mimi hapa nilipo ni mkono wako. Lakini nilikwambia na leo narudia mbele ya wenzetu, usituletee uhafidhina."

"Wa nchi gani?"

Nikodemo akageuza kichwa kuelekea ilikotoka sauti.

"Nauliza ili nijitetee vizuri," Gerson akasema. "Kama ni wa Uingereza, nitakubali mtambo lakini uingie mguu mmoja mmoja. Kama ni wa Marekani, nitakwambia ofisi yako isiiguse meza yangu. Kama ni wa Urusi ya zamani, nitataka vitabu viwe vya umma na wewe uwe karani wangu. Chagua, mkubwa, mimi nipo tayari kwa wote."

Watu wakaangua kicheko, na Nikodemo mwenyewe akacheka mpaka funguo zikalia kiunoni. Kicheko kilipopungua Gerson akakisukuma kile kitabu mezani.

"Mimi nahifadhi hiki. Hadithi za mama yangu. Ni kitabu cha kwanza nilichokitoboa, kwa kibao na sindano, yeye akisimulia na mimi nikiandika nyuma yake, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza. Hakipo popote kwa wino. Yeye aliondoka mwaka uliofuata. Mkikichoma, ndio basi. Nikodemo, wasomee wenzako ukurasa mmoja, kisha uamue."

Nikodemo akafungua. Vidole vyake vikasikika vikipita juu ya karatasi, mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Akafunua ukurasa mwingine. Akaanza upya.

"Mwalimu," akasema taratibu, "humu hamna kitu."

"Usinitanie mbele za watu."

"Sikutanii. Shika mwenyewe."

Gerson akakivuta. Aliweka vidole vyote vinane, akavitembeza kutoka juu mpaka chini. Karatasi ilikuwa laini kama kiganja. Hapa nukta moja, pale mbili, kama mabua yaliyosahauliwa baada ya mavuno. Watoto walikuwa wamekisoma kwa miaka thelathini, kidole juu ya kidole, mpaka wakakimaliza. Aliyekuwa amekuja kukitetea mbele ya moto alikuta kimeshakwisha, tena kimekwisha kwa kupendwa, rafuni kwake, chini ya ulinzi wake mwenyewe. Aliona aibu. Na ndani ya aibu ile kulikuwa na mshangao mkubwa.

Aliyesema ni Nikodemo. "Hapo zamani, fisi alikwenda kuazima ngoma kwa wanawake."

Gerson akainua uso.

"Wakamwambia, ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, wewe fisi utaipigaje? Fisi akasema, nitajifunga khanga." Nikodemo alikuwa akisema bila kupapasa chochote, mikono yake imekaa juu ya meza. "Basi wakampa khanga. Sungura alikuwa juu ya kichuguu anamtazama. Ngoja, Gerson, mbuzi wameingia kwenye uwele. Usiinuke. Narudi sasa hivi. Haya, fisi akaipiga ngoma..."

"Simama," Gerson akasema. "Simama hapo. Umesema nini kuhusu mbuzi?"

"Si ndivyo ilivyo? Sehemu hiyo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Tulikuwa tukiigombania bwenini. Sisi tulikujua kwa jina la Mwalimu tu, tukadhani Gerson ndilo jina la sungura." Nikodemo akacheka kidogo. "Nilipokuja kujua kwamba Gerson ni wewe, nimeshaota ndevu. Nikaona haya kukuuliza."

Lilikuwa kosa. Mnakili akizoea kumfuata msemaji, mkono huandika kila kinachotoka mdomoni, na siku ile mama aliinuka katikati ya hadithi kwenda kufukuza mbuzi, na mkono wa Gerson ukayaandika na hayo. Kosa la nukta nundu hufutwa kwa kusugua nukta kwa ukucha mpaka zilale. Alikusudia kuzisugua kesho yake, akasahau, na baada ya mama kufa akasahau hata kwamba alisahau.

Kikao hakikupiga kura. Gerson mwenyewe ndiye aliyesema mtambo ufunguliwe nailoni. Alisema vitabu vilivyolala viende, asante yao vimeshaipata, na vile ambavyo bado vinaongea vichapwe upya kabla havijanyamaza. Aliomba jambo moja tu, watoto waendelee kupewa kibao na sindano, maana kile mtoto hukitia mfukoni na kikawa chake. Nikodemo akasema hilo halina hata mjadala.

Alasiri hiyohiyo Nikodemo akasimulia, Gerson akasahihisha pale kumbukumbu ilipochepuka, Erica akaandika kwenye kompyuta. Walipofika kwenye mbuzi Erica akasita.

"Mjomba, hapa nitoe?"

"Acha kama alivyosema."

Mtambo ukanguruma, ukatoa karatasi yenye joto. Gerson akakaa nayo kwenye benchi la nje ya mlango. Nukta zilikuwa kali, zilimkwaruza kidole kama karatasi ya siku ya kwanza. Akapita fisi, akapita khanga, akafika kwenye kichuguu. Ngoja, Gerson, mbuzi wameingia kwenye uwele. Usiinuke. Narudi sasa hivi. Akairudia. Miaka thelathini na moja mama alikuwa amesema hivyo kila siku, bwenini, kwa watoto wa watu, naye hakuwepo kusikia.

Jua liliposogea Nikodemo akatoka akipapasa ukuta. "Mwalimu, chai tayari. Twende ndani, upepo huu utakuumiza."

"Tangulieni," Gerson akasema, kidole bado juu ya mstari. "Mimi nimeambiwa nisiinuke."